Kukagua si Kutembelea: Mazungumzo Juu ya Wakaguzi wa Madaraja na Njia za Umma

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu watu ambao majina yao hayachongwi kwenye jiwe la msingi, wala hawaitwi jukwaani siku ya kukata utepe. Hao ni wakaguzi wa ujenzi, hasa wale wanaosimamia ujenzi wa madaraja ya waenda kwa miguu na njia za miguu za umma. Kazi yao ikifanywa vizuri hakuna anayeiona. Ikifanywa vibaya, au isipofanywa kabisa, huonekana siku moja tu, na siku hiyo huwa ni siku ya msiba.

Naomba nianze na neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu kitenzi "kukagua" kimebebeshwa mizigo mingi. Rais anapotua katika nchi jirani hukagua gwaride la heshima. Waziri anapofika mahali pa ujenzi, kofia ngumu kichwani, magazeti ya kesho yake huandika kwamba waziri amekagua mradi. Mhasibu hukagua vitabu vya fedha. Na fundi anayechuchumaa ndani ya shimo la msingi, futi mkononi, akihesabu nondo moja baada ya moja, naye anakagua. Neno ni moja, lakini kazi ni mbalimbali kabisa. Anayekagua gwaride hatarajiwi kumtoa mstarini askari ambaye bunduki yake ina kutu. Anayekagua daraja, asipokuwa tayari kusema "vunjeni hapa, muanze upya," huyo amefanya matembezi tu.

Tofauti hiyo ilidhihirika nchini Kenya mwaka 2017. Huko Budalangi, katika kaunti ya Busia, daraja la Sigiri lilikuwa likijengwa kuvuka mto Nzoia. Mradi huo uligharimu takriban shilingi bilioni 1.2 za Kenya, na wananchi walikuwa wameungoja kwa miaka mingi. Katikati ya mwezi Juni mwaka huo Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, alifika hapo, na vyombo vya habari vikaripoti kwamba Rais amekagua ujenzi. Tarehe 26 mwezi huo huo, kabla ya wiki mbili kutimia, daraja liliporomoka likiwa bado halijakamilika, na wafanyakazi kadhaa wakajeruhiwa.

Sisemi haya kwa nia ya kumlaumu mgeni aliyepita. Rais si mhandisi, na hakuna aliyetazamia kwamba angepanda juu ya kiunzi na kugonga zege kwa nyundo. Ninachosema ni kwamba neno "amekagua" liliwapa wananchi utulivu ambao ziara ya nusu saa haiwezi kuuleta. Kiongozi anapotembelea mradi, hutazama kile kinachoonekana. Mkaguzi wa kweli hushughulika zaidi na kile ambacho muda si mrefu hakitaonekana tena.

Hebu tuifuate kazi yake hatua kwa hatua. Katika mradi wa umma huwapo pande nne. Yupo mwenye mradi, yaani halmashauri, wizara, chuo au jumuiya ya kijiji. Yupo mbunifu, ambaye ni mhandisi anayechora na kupiga hesabu. Yupo mkandarasi anayejenga. Na wa nne ni mkaguzi, ambaye hutumwa na mwenye mradi kuhakikisha kwamba kilichojengwa ndicho kilichochorwa. Mkandarasi ana haki ya kutafuta faida, na faida hupatikana kwa kumaliza upesi na kutumia vifaa vichache. Mkaguzi yupo ili haraka hiyo isivuke mpaka. Kwa sababu hiyo haifai mshahara wake utoke mfukoni mwa mkandarasi. Ukimla mtu chakula chake, si rahisi kumwambia kwamba nguzo yake imepinda.

Kazi huanza shimoni. Kabla ya msingi kumwagwa, mkaguzi hupima kina cha shimo na kutazama udongo wa chini. Je, ni ule ule ambao mbunifu aliutegemea, au ni tope lililofichwa chini ya tabaka la mchanga mkavu? Kisha hufuata nondo. Mkaguzi huzihesabu, hupima unene wake na nafasi kati ya moja na nyingine, tena huhakikisha kwamba hazikugusa ukuta wa mbao unaoshikilia zege. Nondo inapaswa kufunikwa na zege la kutosha, kwa kawaida sentimita 4 au 5 mahali penye mvua na unyevu. Ikikaa karibu mno na nje, maji huifikia, hushika kutu, kutu hiyo huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani.

Halafu linakuja zege lenyewe. Hapa adui mkubwa ni maji. Vibarua hupenda kuongeza maji kwa sababu zege jepesi halichoshi mikono, lakini kila ndoo ya ziada hupunguza nguvu za zege litakapokauka. Kwa hiyo mkaguzi hujaza zege katika koni ya chuma, huiinua koni, kisha hupima limeshuka kiasi gani. Likishuka kupita kiasi kilichoandikwa katika mkataba, hulikataa. Pia hujaza zege hilo hilo katika vikasha vya chuma ili kupata vipande vya mraba, ambavyo hupelekwa maabara kuvunjwa kwa mashine, vingine baada ya siku 7 na vingine baada ya siku 28. Vipande hivyo ndivyo ushahidi wa nguvu za daraja. Mkandarasi asiyekuwa navyo anatuomba tumwamini kwa maneno matupu.

Kuna mahali ambapo mkataba mzuri humtaka mkandarasi asimame na kungoja. Nondo zikishafungwa, haruhusiwi kumwaga zege mpaka mkaguzi afike, apime na atie sahihi. Sababu yake ni rahisi: zege likishamwagwa, hakuna jicho litakaloziona nondo zile tena. Mkaguzi anayefika alasiri kukuta kazi ya asubuhi imeshafunikwa ana njia mbili tu. Ama aagize ifumuliwe, ama asaini jambo ambalo hakuliona. Hiyo njia ya pili ndiyo iliyojaza makaburi katika nchi nyingi.

Kwa madaraja ya kamba za chuma, yale yanayoning'inia juu ya mabonde, mambo ya kutazamwa ni mengine. Kamba hushikwa na vibano vidogo vya chuma, na kila kibano kina upande mpana na upande wa chuma kilichopindwa kama herufi U. Upande mpana unapaswa kukaa juu ya kamba inayobeba mzigo, na ule uliopindwa ukae kwenye ncha iliyorudishwa. Ukigeuzwa, huiuma kamba inayobeba mzigo na kuidhoofisha. Tena vibano hukazwa mara ya pili baada ya kamba kubeba mzigo, kwa kuwa kamba ikivutwa huwa nyembamba kidogo na vibano hulegea. Mpita njia hawezi kuyajua hayo. Mtu mmoja aliyefundishwa anaweza kuyaona yote kwa asubuhi moja.

Na msidhani kwamba njia ya miguu, kwa kuwa ni udongo na kokoto, haina haja ya mkaguzi. Adui wa njia ni maji yale yale. Njia iliyochongwa ubavuni mwa kilima inatakiwa iiname kidogo kuelekea bondeni ili maji yavuke na kuondoka. Ikiwa bapa, au ikiinama kuelekea kilimani, maji hukimbia juu ya njia yenyewe, na baada ya masika mawili matatu huigeuza kuwa korongo. Mkaguzi huweka pimamaji yake na kusoma mwinamo. Huo huo mwinamo ni suala la haki pia. Kanuni za Marekani zinataka mteremko uliojengwa kwa ajili ya viti vya magurudumu usiwe mkali kupita kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani kila meta moja ya kupanda iwe na meta kumi na mbili za kwenda mbele. Fundi akikosea kidogo tu, mwenye miguu mizima hatahisi kitu, lakini mwenye kiti cha magurudumu atabaki chini.

Wasikilizaji, hadi hapo huenda mkadhani kwamba ukitafuta mtu mwenye macho makali, ukampa futi na koni, shida imekwisha. Laiti ingekuwa hivyo. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo inachukulia kwamba aliyeuona ufa ndiye mwenye nyumba, na kwamba udongo wa kuuziba anao. Katika miradi ya umma mara nyingi sivyo. Mmoja huuona ufa, wa pili ndiye mwenye hesabu, wa tatu ana fedha, na wa nne ndiye mwenye ruhusa ya kufunga barabara. Ufa ukipita katikati ya watu hao wanne, wote wanaweza kuuona na hakuna hata mmoja atakayeuziba.

Hayo yalitokea katika mji wa Miami, jimbo la Florida, nchini Marekani, mwezi Machi mwaka 2018. Chuo kikuu cha Florida International kilikuwa kikijenga daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara yenye safu nyingi za magari, ili wanafunzi wavuke salama. Haja ilikuwa ya kweli, kwani mwaka uliotangulia mwanafunzi aligongwa na gari akafariki dunia akivuka barabara hiyo. Kipande kikuu cha daraja, chenye urefu wa meta 53 na uzito wa takriban tani 950, kilijengwa kando ya barabara kisha kikabebwa na mitambo na kuwekwa juu ya nguzo tarehe 10 Machi, kwa muda wa saa chache tu. Watu walishangilia.

Lakini nyufa zilikuwapo katika kiungo kimoja cha mwisho, na baada ya daraja kuwekwa mahali pake ziliendelea kukua. Wafanyakazi waliziona. Wakaguzi walizipiga picha. Tarehe 13 Machi mhandisi wa kampuni iliyobuni daraja aliipigia simu idara ya uchukuzi ya jimbo, akaacha ujumbe wa sauti kueleza habari za nyufa hizo, na akasema kwamba kwa upande wa usalama yeye hakuona tatizo. Mfanyakazi aliyepigiwa alikuwa nje ya ofisi kikazi. Aliusikia ujumbe ule tarehe 16. Daraja lilikuwa limeanguka tarehe 15.

Asubuhi ya siku hiyo ya 15 kulikuwa na mkutano. Mbunifu, mkandarasi, wakaguzi, chuo na idara ya uchukuzi wote walikuwa na watu wao katika chumba kimoja, na mazungumzo yalihusu nyufa hizo hizo. Waliambiwa kwamba hakuna hatari. Baada ya mkutano wafanyakazi walipanda kukaza vyuma vilivyo ndani ya kiungo kile, huku barabara ikiwa wazi na magari yakisimama chini kungoja taa. Muda mfupi kabla ya saa nane mchana daraja lilianguka. Watu sita walipoteza maisha, watano wakiwa ndani ya magari na mmoja akiwa mfanyakazi wa daraja.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa ripoti yake mwaka 2019. Ilisema chanzo kilikuwa makosa ya hesabu katika ubunifu, na kwamba kampuni iliyopewa kazi ya kuzirudia hesabu hizo haikuyagundua. Ilisema pia kwamba nyufa zilikuwa kubwa mara 40 kuliko kiasi ambacho kwa kawaida huvumiliwa. Na jambo ambalo ningependa tulizingatie leo ni hili: bodi iliona kwamba hakuna hata upande mmoja kati ya wale waliokuwapo uliochukua jukumu la kusema nyufa hizi zimepita kiasi, fungeni barabara. Kila upande ulikuwa na sababu ya kuamini kwamba hilo ni la mwingine.

Kwa hiyo, mabibi na mabwana, kigezo cha ukaguzi si macho peke yake. Mkaguzi anahitaji macho, kalamu na mamlaka. Macho aone. Kalamu aandike alichokiona, siku na saa, ili kesho mtu asije akasema hakuambiwa. Mamlaka asimamishe kazi bila kumwomba mtu ruhusa, na bila kuogopa kupoteza kibarua chake. Ukiondoa moja kati ya hayo matatu, mawili yanayobaki hayasaidii kitu.

Marekani yenyewe ilijifunza thamani ya ukaguzi kwa gharama kubwa. Jioni ya tarehe 15 Desemba 1967, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya Krismasi, daraja lililojulikana kama Silver Bridge, lililounganisha majimbo ya West Virginia na Ohio, lilianguka katika mto likiwa limejaa magari. Watu 46 walikufa. Uchunguzi ulifuata chanzo mpaka kwenye ufa mdogo sana katika kiungo kimoja cha chuma, mahali ambapo jicho halikuweza kufika bila kukifungua. Wakati huo nchi nzima haikuwa na utaratibu mmoja wa kukagua madaraja. Mwaka uliofuata Baraza la Congress liliagiza uwekwe, na kanuni zikatangazwa mwaka 1971. Siku hizi, kwa kawaida, daraja la barabara ya umma lenye urefu unaozidi meta 6 hivi hukaguliwa kila baada ya miezi 24.

Hata hivyo, ona jinsi kalamu bila mamlaka inavyoweza kushindwa. Mjini Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, kulikuwa na daraja la Fern Hollow, lililopita juu ya bonde la bustani ya Frick, ambamo wakazi hutembea na kukimbia katika njia za miguu. Wakaguzi walifika kwa wakati. Tangu mwaka 2011 waliandika kwamba hali ya daraja ni mbaya. Waliandika kwamba majani na takataka zimeziba mifereji, kwamba maji yanatuama kwenye miguu ya chuma, na kwamba kutu inaila. Mapendekezo yale yale yaliandikwa, yakaandikwa tena. Alfajiri ya tarehe 28 Januari 2022 daraja lilianguka bondeni pamoja na basi la abiria na magari mengine kadhaa. Kwa bahati njema hakuna aliyekufa. Siku hiyo hiyo Rais wa wakati huo, Joe Biden, alikuwa na ratiba ya kwenda Pittsburgh kuzungumzia miundombinu. Ripoti ya Bodi ya Usalama wa Usafiri, iliyokamilishwa mwaka 2024, ilisema wazi kwamba mji ulishindwa kutekeleza mapendekezo yaliyotolewa mara kwa mara. Kuzibua mfereji wa maji si kazi ya kitaalamu. Ni kazi ya koleo na ufagio. Lakini hakuna aliyeagizwa kushika koleo.

Tena liko pengo jingine, nalo linawahusu moja kwa moja watembeao kwa miguu. Kanuni hizo za taifa za Marekani ziliandikwa kwa ajili ya madaraja ya barabara za magari. Daraja la miguu ndani ya bustani, au juu ya kijito katika njia ya miguu, kwa kawaida halimo katika sharti hilo. Ukaguzi wake umeachiwa mji, kaunti au bustani yenyewe. Daraja la miguu, hata katika nchi tajiri, ni kama mtoto wa kambo. Huvalishwa vizuri siku ya sherehe, na baada ya hapo hakuna anayeuliza kama amekula.

Nchini India mtoto huyo wa kambo aliua watu 135. Katika mji wa Morbi, jimbo la Gujarat, lilikuwapo daraja la kamba la waenda kwa miguu lililojengwa katika karne ya 19. Lilifungwa kwa miezi kadhaa ili likarabatiwe. Kazi hiyo ilipewa kampuni iliyojulikana zaidi kwa kutengeneza saa za ukutani. Tarehe 26 Oktoba 2022, siku ya mwaka mpya wa Kigujarati, lilifunguliwa tena, tiketi zikauzwa, familia zikaja na watoto. Manispaa ilikuwa haijatoa cheti cha kuthibitisha usalama wake. Tarehe 30, siku ya Jumapili jioni, kamba ilikatika. Wachunguzi walikuta kwamba katika kamba kuu moja yenye nyaya 49, nyaya 22 zilikuwa zimekwisha kuliwa na kutu kabla ya ajali. Sakafu ilikuwa mpya, inang'aa. Kamba zilizoibeba zilikuwa zile zile za zamani. Kilichokarabatiwa ni kile ambacho mnunuzi wa tiketi angekiona.

Je, ina maana kwamba mahali pasipo na maabara, wala wahandisi wengi, watu wakate tamaa? La. Tukitazama Nepal, nchi ya milima mirefu na mabonde ya kina, tunaona jambo la kutia moyo. Tangu miaka ya 1960, kwa msaada wa Uswisi, nchi hiyo imejenga maelfu ya madaraja ya kamba kwa waenda kwa miguu. Michoro yake imesanifiwa, vipimo vimeandikwa kwa namna ambayo fundi wa kijijini anaweza kuvifuata, na mafundi wamefundishwa. Lakini Nepal iliongeza kitu ambacho wengi wetu tungekiita baraza. Watumiaji wa daraja huchagua kamati yao, na mikutano ya hadhara hufanyika tangu mwanzo wa mradi hadi mwisho wake. Fedha zilizopokelewa husomwa mbele ya watu, pamoja na mifuko ya saruji, siku za kazi na malipo ya vibarua. Mama aliyebeba mawe ana haki ya kuuliza kwa nini idadi iliyosomwa si ile aliyoiona. Ukaguzi wa mhandisi na ukaguzi wa umma hutembea pamoja, na kila mmoja humlinda mwenzake.

Ujuzi wa madaraja ya namna hiyo umefika pia katika nchi zetu. Rwanda, nchi ya vilima elfu, imejenga madaraja mengi ya kamba ya waenda kwa miguu kwa ushirikiano wa serikali na shirika la Bridges to Prosperity. Anayeishi karibu na mto unaofurika anajua maana yake. Mto ukijaa, mtoto haendi shule, mjamzito hafiki zahanati, na ndizi zinaozea shambani. Daraja dogo linapoanguka, watu hurudi kwenye maji yale yale waliyokimbia, tena wakiwa hawaamini ahadi yoyote.

Nafika sasa kwa sisi tuliotapakaa duniani, kuanzia Muscat na Dubai hadi London na Minneapolis. Wengi wetu tumo katika vyama vya kijiji au vya wilaya. Tunachanga. Mwaka huu ni zahanati, mwaka kesho ni kivuko juu ya mto. Fedha hutumwa, na baada ya miezi michache picha huletwa kwenye simu: daraja limepakwa rangi, kuna utepe, mheshimiwa ameshika mkasi. Tunafurahi, tunaandika "Mashallah" na "hongereni." Lakini picha ya rangi mpya haituambii chochote juu ya nondo, wala juu ya kamba.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma fungu la mwisho, napendekeza tuulize mambo machache. Kwanza, mkandarasi na mhandisi wamesajiliwa? Tanzania ilitunga sheria za bodi za usajili wa wahandisi na wa makandarasi mwaka 1997, na Kenya ilitunga sheria ya Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi mwaka 2011. Maana ya daftari la usajili ni mtu aweze kuliuliza. Pili, nani anakagua, na nani anamlipa? Kama jibu ni mkandarasi, basi tutenge sehemu ya michango yetu kumlipa mtu mwingine. Tatu, ziko wapi picha za nondo kabla ya zege kumwagwa, na majibu ya maabara ya siku ya 28? Nne, nani ana uwezo wa kusimamisha kazi, na je, jina lake limeandikwa katika mkataba? Na tano, baada ya sherehe, nani atazibua mifereji na kukaza vibano kila mwaka, na fedha za kazi hiyo ziko katika mfuko upi?

Najua watakaosema kwamba maswali hayo ni ya kuwadhania ndugu zetu vibaya. Nadhani ni kinyume chake. Fundi mwaminifu hupenda kukaguliwa, kwa sababu karatasi yenye sahihi ndiyo itakayomtetea siku watu watakapomnyooshea kidole. Anayeudhika ukiuliza zilipo picha za nondo anakupa jibu bila kukusudia. Na mkaguzi anapogoma kutia sahihi, asitukanwe kwamba anachelewesha maendeleo. Wiki moja ya kubishana juu ya shimo la msingi ni nafuu kuliko miaka kumi ya kuvuka kwa hofu.

Nasi watangazaji tuna sehemu yetu. Kiongozi akifika mahali pa ujenzi, tuseme ametembelea mradi. Neno "amekagua" tuliweke akiba kwa yule aliyeshuka shimoni, akapima, akaandika, na akawa na uwezo wa kusema hapana. Tukilitumia hivyo, msikilizaji naye atajua la kuuliza siku akialikwa kwenye sherehe ya daraja jipya: limekaguliwa na nani?

Nawatakieni siku njema, na safari salama kwa kila atakayevuka mto leo.